Jeli, safu au kapilari kwa mikunjo ya G4?

BintiTelomea: Wakuu, nina uzi mfupi wa DNA ya telomea (ncha ya kromosomu) ya binadamu, TTAGGG mara 4. Kwenye potasiamu guanini zake (herufi G) hushikana nne nne, tabaka juu ya tabaka; ndiyo G4. Nataka kujua: uzi umejikunja peke yake, au nyuzi kadhaa zimeungana? Jeli ya umeme, au HPLC (kusukuma sampuli kwa shinikizo kupitia safu inayochuja)?

Mzee wa Jeli: Anza na jeli ya akrilamaidi isiyo na yurea (hiyo hufumua mikunjo), asilimia 15 hadi 20, kwenye baridi. Uzi uliojikunja umeshikamana, kwa hiyo humtangulia mwenzake wa urefu uleule asiyejikunja. Nyuzi nne zilizoungana hubaki nyuma. Lakini dada, potasiamu iwe ndani ya jeli na kwenye bafa (mmumunyo unaoendeshea jeli), si kwenye sampuli tu! Nilipoteza wiki mbili nikitazama ukanda uliotawanyika kama moshi, kumbe mikunjo ilikuwa ikifumuka njiani.

Safu260: Kwa swali hilo mimi ningeenda na kromatografia ya ukubwa. Kule mambo hugeuka: vikubwa haviingii kwenye vitundu vya safu, hivyo hutoka kwanza, na kilichojikunja huchelewa. Hakuna umeme, bafa ni ileile uliyokunjia, na kila kilele unaweza kukikusanya. Safu ya kubadilishana ioni naiogopa. Inadai chumvi ipandishwe hatua kwa hatua, na chumvi ndiyo inayoamua mkunjo.

Nanolita: Kapilari (mrija mwembamba sana unaotenganisha kwa umeme) nayo inafaa sampuli ikiwa haba, kwani inakula nanolita chache tu. Ila potasiamu nyingi hupandisha mkondo na joto, basi punguza volti.

BintiTelomea: Ipi itanionyesha kama nyuzi zinaelekea upande mmoja au zinapishana, yaani mielekeo kinyume?

Safu260: Hapo usiiamini hata moja peke yake. Kipande cha telomea hiyohiyo, herufi 22, mwaka 1993 NMR (upimaji wa umbo kwa sumaku) kwenye sodiamu ilionyesha nyuzi zinazopishana. Mwaka 2002 fuwele ya potasiamu ikaonyesha zote zinaelekea upande mmoja. Kilele kimoja safi kinaweza kuficha maumbo mawili. Kusanya kilele, kisha pima CD (jinsi kinavyofyonza mwanga unaozunguka kushoto na kulia): upande mmoja hupanda karibu na nanomita 264, zinazopishana karibu na 295.

Mzee wa Jeli: Na mfuatano huohuo uandae pia kwenye lithiamu, ambayo haishikilii G4, uukimbize kwenye jeli ya pili yenye lithiamu. Kwenye zote mbili weka uzi wa T tupu wa urefu uleule uwe kipimo chako.