Naomba ushauri: nimalize riwaya au niandike hadithi fupi za kuuza?

Wakuu, habari za jioni. Nauza vitenge Kariakoo, naishi Gongo la Mboto. Nikifika nyumbani foleni na joto vimeshanimaliza. Nafungua kaunta buku, nasinzia juu yake. Riwaya imekwama sura ya 6. Mhusika wangu yuko kwenye pantoni la Kigamboni tangu Ramadhani, hajashuka! Rafiki anasema niiweke kando, niandike hadithi fupi za kuuza WhatsApp, walau niambulie hela ya vocha. Mimi moyo uko kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Mama watoto anauliza kama ada nayo italipwa kwa sura. Mliomaliza kitabu huku mna kazi, mlikuwa mnaandika saa ngapi? Na nikianza na hizo fupi, riwaya nitairudia kweli?