Konyagi niliyoloweka nanasi: niichanganyeje iwe kinywaji chepesi cha mchana wa jua?

DadaMjimwema:
Habari za leo wakuu. Joto la Dar la mwezi wa pili mnalijua, hata feni inapuliza moto. Jumamosi tunavunja kikoba hapa kwangu Kigamboni, kuanzia saa nane mchana. Nimeloweka nanasi kwenye Konyagi ya ml 500, nikatia maganda ya chungwa na mdalasini, halafu shira kikombe kimoja, kama ml 250. Ina wiki kabatini, ukifungua kifuniko harufu inajaa jiko zima.

Shida ni tamu mno na inateremka bila kukuna koo. Wenzangu nawajua. Kuna wa kuvuka na pantoni jioni, na wengine watakuja na magari. Nataka mtu anywe glasi mbili, acheke, arudi kwake na akili zake. Nichanganye na nini, na kwa kipimo gani? Sprite nimeijaribu, ni sukari juu ya sukari.

Bonge_la_Temeke:
Weka Sprite na barafu, maisha yaende. Mnapenda kujisumbua.

KauntaMstaafu:
Dada, mimi nimesimama nyuma ya kaunta za hoteli Bagamoyo mpaka miguu ikagoma, kwa hiyo huyo wa Sprite mwache kwanza.

Tuanze na hesabu. Konyagi ni asilimia 35, maana yake ml 500 zako zina ml 175 za pombe tupu. Shira imeishusha hadi kama 23, na maji ya nanasi yameishusha tena kidogo. Tuseme 20. Mpimie mtu ml 30, yaani vijiko viwili vya chakula, atakuwa amepata ml 6 za pombe. Ukijaza vingine hadi ml 200, glasi nzima ni asilimia 3. Bia nyingi za hapa zinaanzia 4 na nusu kwenda juu. Ila pima kwa kijiko, usimimine kwa macho. Kumimina kwa macho ndiko kunakolaza wageni sebuleni.

Chuja leo, usingoje Jumamosi. Tumia kitambaa cha tui na usikamue, la sivyo inachafuka. Ule weupe wa ndani ya ganda la chungwa ukizidi kukaa unaleta uchungu. Na vile vipande vya nanasi vimekunywa Konyagi kuliko mgeni yeyote, visionekane mezani penye watoto.

Sasa mchanganyiko. Utamu hauuawi kwa soda, unauawa kwa ndimu. Chukua glasi ndefu, jaza barafu mpaka juu kabisa. Barafu nyingi inayeyuka taratibu kuliko vipande vitatu vinavyoogelea. Tia vijiko viwili vya hiyo Konyagi yako, kamulia nusu ndimu, kisha malizia na chai ya mchaichai iliyopoa pamoja na maji ya gesi yasiyo na sukari, nusu kwa nusu. Koroga mara moja tu, kutokea chini. Chumvi chembe za vidole viwili; watu hunicheka hapo, wakionja wananyamaza, nanasi linaamka. Mnanaa upige kofi kiganjani ndipo uuweke. Usiuponde, utakunywa dawa ya meno.

Wenye magari watengenezee hiyohiyo bila Konyagi. Kwa macho huwezi kutofautisha glasi, na hakuna wa kumuuliza mtu mbona hunywi. Hakuna cha "ya kuonja" kwa dereva.

Wanjiku_wa_Ruaka:
Huku Nairobi tuna dawa: vodka, ndimu, asali, barafu na kijiti cha kukorogea. Si atumie asali tu?

KauntaMstaafu:
Dawa naiheshimu sana, nimeiuza. Ila yake ina shira tayari. Halafu asali ukiitupa kwenye barafu inagandia chini ya glasi, sharti uifungue kwanza kwa maji ya moto.

Mzee_wa_Kona:
Mimi hulowekea kwenye gongo ya mtaani. Nafuu, na nanasi linaficha ile harufu.

KauntaMstaafu:
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo hapana. Nanasi linaficha harufu, haliondoi methanoli, ile pombe ya sumu, na methanoli huwezi kuijua kwa kuonja. Mwaka 2014 kule Kenya methanoli iliua makumi ya watu kwa siku chache, na wengine wakapofuka. Nunua chupa yenye lakiri, hata iwe ndogo.

DadaMjimwema:
Nimeshachuja, imetoka rangi ya dhahabu. Asante kaka. Mchaichai kiasi gani kwa watu 15?

KauntaMstaafu:
Konzi mbili za majani kwa lita 3 za maji. Chemsha dakika kumi, funika, acha ipoe ikiwa imefunikwa ndipo uiweke kwenye friji. Sukari usitie hata chembe. Ndimu nunua 20, zile za ganda jembamba. Na barafu agiza ya mfuko asubuhi, ya friji ya nyumbani itaisha kabla hamjafungua daftari la kikoba.