Mjadala: Ofisi zote za mkoa ndani ya mnara mmoja, tunautaka hapa Kigoma?

Wadau wa Kigoma na wengine wote, habari za mchana.

Juzi kwenye kijiwe cha kahawa pale Mwanga, jirani na steshenari yangu, kijana mmoja alitoa simu akatuonesha mchoro wa mnara mwembamba kama mkuki. Akasema: "Hiki ndicho Kigoma inachokosa. Mkuu wa mkoa, manispaa, ardhi, kodi, vitambulisho, mahakama, wote waingie humo. Mtu akishuka kwenye treni auone." Nusu ya kijiwe ikampigia makofi. Mimi nikabisha, kahawa ikapoa, hatukumaliza. Nauleta hapa tuuendeleze.

Kwanza tujue mchoro wenyewe. Ni wa Frank Lloyd Wright, msanifu majengo wa Marekani. Aliuonesha Chicago mwezi Oktoba 1956 akiwa na miaka 89, kwenye karatasi yenye urefu wa zaidi ya futi 20. Jengo aliliita The Illinois, kwa jina la jimbo. Urefu maili moja, yaani mita 1,609. Ghorofa 528. Lifti 76 za kuendeshwa kwa nguvu za atomiki. Shina moja limezamishwa kwenye mwamba kama mzizi mkuu wa mti, sakafu zimetoka humo kama matawi. Nia yake mojawapo ilikuwa kuzikusanya ofisi za serikali zilizotawanyika mjini. Halikujengwa. Hata Burj Khalifa ya Dubai, iliyofunguliwa 2010 na mpaka leo inaongoza duniani, ina mita 828, nusu tu ya lile.

Kwa sisi wa ziwani kuna njia rahisi ya kulipima. Ziwa Tanganyika, pale penye kina kuliko pote, lina kama mita 1,470. Lisimamishe jengo hilo pale, maji yatalimeza lote zibaki mita 140 hivi juu. Mvuvi wa dagaa akipita usiku na taa zake angekuta kitu kama ghorofa arobaini kimeota majini. Na watu 100,000 ambao Wright aliwapangia nafasi humo ni kama nusu ya manispaa yetu yote ya Kigoma Ujiji.

Najua hakuna anayedai maili nzima. Kijana mwenyewe alishuka mpaka ghorofa thelathini. Ninachobisha ni wazo lenyewe, kwamba heshima ya serikali ni kwenda juu.

Kazi yangu ni kuchapa barua, kudurufu vyeti na kuwajazia watu fomu za serikali mtandaoni, mwaka wa kumi na moja sasa. Serikali naijua kutokea upande wa foleni. Mwezi uliopita shangazi yangu alishuka kutoka Kalinzi kufuatilia karatasi za shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Nikafunga duka nikamsindikiza. Ofisi, sitaitaja, iko ghorofa ya tatu, ngazi tupu. Shangazi ana miaka sabini na goti moja bovu. Tulipofika pale chini alivua ndala, akazipanga pembeni ya ngazi. Nikamuuliza, shangazi mbona unavua? Akasema, "Pameng'aa mno mwanangu, nitawachafulia watu." Akapanda peku, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika fundo la kitenge alimofunga nauli. Kila kwenye kona ya ngazi tulisimama apumue. Juu tukaambiwa sahihi inayotakiwa inatoka ofisi nyingine, upande wa pili wa mji. Tukashuka, tukapanda bodaboda, tukakuta wa sahihi ameenda kikaoni.

Kwa hiyo kijana anapolalamikia ofisi kutawanyika, namuunga mkono kabisa. Ugonjwa upo. Dawa yake ndiyo sikubaliani nayo. Shangazi alikuwa anahitaji sahihi mbili kwenye chumba kimoja cha chini, na mtu wa kumwambia mapema kwamba zinatakiwa mbili.

Jimbo la Illinois lenyewe lilikuja kujaribu kukusanya ofisi Chicago, miaka karibu thelathini baada ya mchoro wa Wright. Makao makuu yake yako Springfield, mji mdogo, lakini watu wengi wako Chicago. Mwaka 1985 likafungua jengo la vioo lililochorwa na msanifu Helmut Jahn, ghorofa 17, katikati ukumbi wazi hadi juu, mwananchi akiingia aione serikali yake yote imemzunguka. Wazo zuri sana, hilo nalisifu. Ila vioo vilivyofungwa vilikuwa vya tabaka moja, viyoyozi vikazidiwa, kiangazi wafanyakazi wakaiva na majira ya baridi wakaganda. Matengenezo yaliyoahirishwa mwaka hadi mwaka yakafika makadirio ya zaidi ya dola milioni 300. Mwaka 2022 likauzwa dola milioni 105, na wanaoingia humo ni Google. Hiyo ni Illinois, yenye kodi yake na mafundi wake. Karibuni.

Mchangiaji wa Kasulu:

Mleta mada, pole kwa shangazi. Ila mimi niko upande wa kijana, na nitasema kwa nini.

Nenda Dar, sema unatoka Kigoma. Utaambiwa "mwisho wa reli" na mtu anacheka. Tumezoea kupewa vya mwisho: lami ya mwisho, umeme wa mwisho. Mkoa wenye watu zaidi ya milioni mbili, ofisi zake zimejibana kwenye vyumba vya kupanga na majengo ya zamani. Mtoto wa hapa akue anaona kitu gani kikubwa ambacho ni cha kwao? Stesheni ya Wajerumani. Reli ilifika hapa 1914, na mpaka leo mgeni akitaka picha ya mji anapiga ile. Miaka zaidi ya mia, bado hatujaweka chetu pembeni yake.

Umeleta Illinois, nami nakuletea Nebraska, hukohuko Marekani. Jimbo la wakulima, mahindi kama sisi. Walianza kujenga makao yao 1922, wakamaliza 1932, mnara wa futi 400, na juu kabisa wakasimamisha sanamu ya shaba ya mtu anapanda mbegu. Hawakukopa, walilipa kadiri walivyojenga. Jengo linatumika hadi leo. Louisiana nao mwaka huohuo wa 1932 wakafungua la ghorofa 34, tena wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Maskini naye anajenga.

Halafu gharama ya kutawanyika umeigusa juu juu. Mimi kufuatilia hati nililala gesti ya Kigoma usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kitanda, chakula, bodaboda. Ukinipa jengo moja, hata la ghorofa kumi na tano, ningemaliza siku moja nikarudi kulala kwangu.

Fundi umeme, Gungu:

Niongezee la kiufundi. Lifti za kamba za chuma zina mwisho wake. Ukizidi kama mita 500, uzito wa kamba yenyewe unakuwa mzigo, ndiyo maana majengo marefu sana watu hubadilisha lifti njiani. Na kila lifti ni shimo linalopita kila sakafu, linakula nafasi ya vyumba. Jengo likizidi kurefuka, ghorofa za chini zinageuka njia ya kupitishia watu wa juu.

Kwetu hata ghorofa kumi na tano lazima uwe na jenereta ya lifti na ya pampu ya maji, kwa sababu maji hayapandi yenyewe. Tumeishi miaka mingi kwa umeme wa dizeli, gridi ya taifa imetufikia juzi juzi tu. Anayelipa mafuta mwaka wa kwanza ni mkandarasi. Mwaka wa sita ni nani?

Na tuko juu ya Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 lilipiga tetemeko la ukubwa wa 6.8 chini ya ziwa hili. Jengo refu linaweza kujengwa likahimili, Japani wanafanya. Ila nondo zake na saruji yake ni bei nyingine, na usimamizi wake si wa kukagua kwa macho.

Mchangiaji wa Kakonko:

Mnabishana juu au chini, wote mnabishania Kigoma mjini. Mimi nikitoka Kakonko naondoka gizani nafika jua limepanda sana, kama gari halikuharibika. Mnara au ukumbi wa chini, kwangu ni safari ileile. Mleta mada, hicho chumba chako kimoja cha chini kiko wapi?

Mleta mada:

Nimesoma zote. Nianze na Kakonko kwa sababu umenishika pabaya. Kweli, nilikuwa nawaza shangazi wa Kalinzi, ambaye akiamka mapema anarudi jioni. Nabadilisha: chumba kimoja cha chini kila wilaya, na wenye sahihi wakae huko huko. Kenya walianza Huduma Centre, vituo vya huduma nyingi za serikali mahali pamoja, Novemba 2013, wakaanzia posta kuu ya Nairobi, kisha wakazisambaza kaunti hadi kaunti. Ukumbi, madirisha, namba ya foleni. Wengi wao waliingia kwenye majengo ya posta yaliyokuwepo tayari, hawakusubiri mnara.

Kaka wa Kasulu, la kudharauliwa umelisema na limenichoma, maana nami nimelisikia kwa masikio yangu. Sitaki uone nalipuuza. Lakini iangalie vizuri hiyo Nebraska yako. Mnara una futi 400, na kitako chake cha chini kina futi 437 kila upande. Ni kipana kuliko urefu wake. Ukumbi mkuu na Bunge lao viko huko chini, mnara umechomoza katikati. Walianza na mahali pa watu, wakaweka sanamu baadaye. Na stesheni yetu unayoisifu, nami naipenda, ni nzuri kwa sababu kila mtu anaingia: mwenye mbuzi, mwenye madumu ya mawese, mwenye begi la magurudumu. Ningefurahi kuona jengo letu la namna hiyo, zuri kabisa, la matofali yetu, lenye kibaraza kipana cha kusubiria mvua ikinyesha. Kwa hilo hesabu niko upande wako.

Ila kusambaa nako kuna mpaka. Mji wa Serikali wa Mtumba, Dodoma, uliozinduliwa Aprili 2019, kila wizara ina jengo lake na uwanja wake. Nimeenda mara moja kupeleka nyaraka za mteja wizara mbili tofauti. Nilitembea juani mpaka bahasha ikalowa jasho mkononi.

Fundi, swali lako la mwaka wa sita ndilo ningelipigia kelele kwenye kikao chochote cha bajeti. Kule ofisini nilikompeleka shangazi, ukutani ghorofa ya kwanza kuna tundu la mlango wa lifti lililozibwa kwa ubao. Lifti iliwekwa kwenye ramani, haikununuliwa.

Mimi ningeomba vitu hivi: chumba cha chini, mabenchi yenye mgongo, karani anayezungumza Kiha bila kumwonea mtu aibu, orodha ya karatasi zinazotakiwa imebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa, na wenye sahihi wapokezane zamu ili asikosekane mmoja. Mashine ya kudurufu iwe humo humo, hata kama itaniua biashara.

Shangazi anashuka tena Jumanne. Nimeshampigia mwenye sahihi, amesema atakuwepo asubuhi. Nimemwambia shangazi safari hii apande na ndala zake.