Wachambuzi wa soko la TEHAMA walipataje nguvu hii, na ripoti zao zitumikeje kwenye zabuni?

kabrasha_zabuni aliuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Kuna SACCOS yenye matawi sita inaandaa zabuni ya mfumo wa nakala rudufu za data. Kwenye rasimu ya kabrasha kuna sharti la awali, lile la kupita au kuanguka: "Bidhaa iwe kwenye kundi la Viongozi la Magic Quadrant ya Gartner ya mwaka huu." (Gartner ni kampuni ya Marekani ya utafiti wa teknolojia, na Magic Quadrant ni mchoro wake unaowapanga wauzaji katika makundi manne.) Wajumbe wawili wa kamati ya tathmini wanalitetea kwa nguvu, wengine wanaona linawafungia mlango wazabuni wa hapa nchini kabla hata bahasha hazijafunguliwa.

Naomba wanaojua watufafanulie. Hawa wachambuzi walitokea wapi hadi mchoro wao mmoja ukawa unaamua nani auze na nani asiuze? Mchoro wenyewe unapima nini hasa? Na kama sharti hilo halifai, liwekwe nini badala yake, maana kamati inataka kitu cha kushika na si maneno.

---

Lango_la_Data:

Mkuu, kazi hii ilizaliwa Marekani, na chanzo chake ni kwamba mnunuzi wa kompyuta hakuwa na mtu wa upande wake. Mwaka 1964 Patrick McGovern alianzisha IDC, kampuni ya takwimu za soko la kompyuta, kule Massachusetts, na biashara yake ya mwanzo ilikuwa kuhesabu: kompyuta ngapi zimefungwa, za nani, ziko wapi. Mwaka huohuo IBM, mtengenezaji wa kompyuta, ilitangaza System/360, familia yake ya kompyuta kuu. Mwaka 1970 Howard Anderson akaanzisha Yankee Group, kampuni nyingine ya uchambuzi. Mpaka hapo wasomaji wakubwa wa takwimu hizi walikuwa watengenezaji, waliotaka kujua wana sehemu gani ya soko.

Aliyegeuza meza ni Gideon Gartner. Aliwahi kufanya kazi IBM, kisha akawa mchambuzi wa hisa kwenye kampuni ya Oppenheimer, Wall Street, akiifuatilia IBM hiyohiyo. Mwaka 1979 yeye na David Stein wakaanzisha Gartner Group kule Connecticut. Tazama mwaka huo ulivyokuwa, ndipo utaona kwa nini watu walikubali kulipia maoni. Kompyuta kuu ilikuwa ya mamilioni ya dola, na kampuni nyingi zilikodi badala ya kununua. Mkodishaji alinunua mashine, akaikodisha kwa miaka kadhaa, akitegemea kwamba muda ukiisha bado itakuwa na thamani ya kuikodisha tena au kuiuza. Januari 1979 IBM ikatangaza familia ya kompyuta za 4300, yenye nguvu nyingi kwa bei ndogo sana ukilinganisha na zilizokuwepo. Thamani ya mashine kuukuu ikaporomoka. Itel, mmoja wa wakodishaji wakubwa, ilipata hasara mwaka huohuo na baadaye ikafilisika. Lloyd's, soko la bima la London, iliyokuwa imewakatia bima wakodishaji dhidi ya wateja kuvunja mikataba, nayo ikalipa fedha nyingi mno.

Kwa hiyo swali "IBM italeta nini, lini, kwa bei gani" lilikuwa swali la fedha taslimu. Anayelijibu vizuri miezi sita mapema anakuokoa usisaini mkataba wa miaka minne juu ya mashine inayokaribia kupitwa. Gartner aliuza jibu hilo kwa karatasi moja, pande mbili, mara nyingi likiwa na kiwango cha uwezekano, mfano 0.8 kwamba jambo fulani litatokea kabla ya mwaka fulani. Nakipenda sana kipimo kile, kwa sababu mchambuzi anayeandika 0.8 na tarehe amejiweka mahali pa kushikwa akikosea.

Nguvu iliongezeka zaidi pale wauzaji walipozidi. Miaka ya 1980 na 1990 idara iliyokuwa na muuzaji mmoja ikajikuta na kumi na mbili: seva huku, hifadhidata kule, mtandao wa mwingine. Kampuni nyingine za uchambuzi zikazaliwa: Forrester ya George Colony ilianza 1983, META Group 1989. Wakaanza kutunga hata majina ya vitu: neno ERP, yaani mfumo mmoja wa kuendesha shughuli zote za kampuni, lilitoka Gartner mwaka 1990, na hesabu ya gharama nzima ya umiliki ilienezwa na haohao kuanzia 1987. Mwaka 1995 Jackie Fenn wa Gartner akaleta mchoro wa Hype Cycle, unaoonyesha shauku juu ya teknolojia mpya inavyopanda, kuporomoka na kutulia. Kisha wakubwa wakameza wadogo: Gartner ilichukua Dataquest 1995 na META 2005, Forrester ikachukua Giga 2003. Giga nayo ilikuwa imeanzishwa na Gideon Gartner mwenyewe baada ya kuondoka kwenye kampuni yenye jina lake.

Matokeo ya kumezana huko ndiyo yamefika kwenye kabrasha lenu. Sauti zimebaki chache, kila moja ina uzito mkubwa.

---

Kisima:

Naongezea kwenye swali la pili, maana hapo ndipo zabuni nyingi zinapoharibika.

Magic Quadrant ina mihimili miwili. Wima ni uwezo wa kutekeleza, mlalo ni ukamilifu wa maono. Juu kulia ni Viongozi, juu kushoto Washindani, chini kulia Wenye Maono, chini kushoto wale wa soko dogo maalumu. Kila muuzaji ni nukta moja, na nyuma ya kila nukta kuna vigezo 15: saba vya utekelezaji, nane vya maono.

Visomeni hivyo vigezo kimojakimoja. Kwenye saba vya utekelezaji kuna bidhaa yenyewe, uhai wa kampuni, mauzo na bei, kasi ya kuitikia soko, matangazo, uzoefu wa wateja, na uendeshaji. Bidhaa ni kimoja kati ya saba! Kwenye nane vya maono kuna mkakati wa matangazo, mkakati wa mauzo, mkakati wa kijiografia, na kadhalika. Muuzaji mwenye programu nzuri ila asiyeuza mabara matatu atashuka chini bila kosa lolote la kiufundi. Na kabla ya nukta kuwekwa kuna masharti ya kuingia, ambayo kwa kawaida yanataka kiwango fulani cha mapato kwa mwaka na wateja wa mabara kadhaa. Kampuni ya Mwanza au Kisumu haimo kwa sababu haikufikia kizingiti, wala hakuna aliyeipima akaiona mbovu.

Mambo manne ambayo mchoro hauwaambii, na ni lazima myatafute kwingine. Mfumo una msaada wa karibu au mtapiga simu Bangalore, India, saa nane usiku? Una leseni ya ukubwa wenu, au kima cha chini ni seva 50? Unarejesha data kwa muda gani kwenye laini yenu ya Mbps 20? Na mkitaka kuhama, data inatoka kwa umbizo gani?

Kuhusu PDF ya bure ya ripoti hiyo mnayoikuta kwenye tovuti ya muuzaji: ile ni nakala aliyolipia haki ya kuisambaza. Si ya uongo, lakini anayeinunua ni aliyepata nafasi nzuri, kwa hiyo mtandaoni utakutana na habari njema tupu. Msiishie kwenye mchoro. Shukeni hadi aya za kila muuzaji, kuna sehemu ya nguvu na sehemu ya tahadhari. Zile tahadhari ndizo dhahabu. Kila tahadhari igeuzeni iwe swali la maandishi kwa mzabuni.

Ombeni pia ripoti mwenza iitwayo Critical Capabilities. Ile inapima bidhaa kwa matumizi mahususi na inatoa alama, na Kiongozi wa mchoro mara nyingine anashika nafasi ya nne au ya tano kwa matumizi yanayofanana na yenu.

Na Gartner wenyewe wanaandika kwenye kanusho lao kwamba hawashauri mnunuzi achague tu wale wenye nafasi za juu. Mpeni mwenyekiti wa kamati asome mstari huo kwa macho yake.

---

kabrasha_zabuni:

Shukrani sana wakuu. Mjumbe mmoja anauliza: si inasemekana wauzaji wananunua nafasi? Kama ni hivyo kwa nini tusiitupe ripoti yote?

---

Lango_la_Data:

Madai hayo yamefika mahakamani zaidi ya mara moja. ZL Technologies, kampuni ya programu, iliishtaki Gartner California mwaka 2009, kesi ikatupwa. NetScout, muuzaji wa mifumo ya kufuatilia mitandao, ikashtaki Connecticut mwaka 2014 baada ya kuwekwa kwa Washindani badala ya Viongozi. Mahakama ikaipa Gartner ushindi 2017, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikathibitisha 2020. Hoja iliyobeba kesi zote mbili ni kwamba nafasi kwenye mchoro ni maoni, na maoni yanalindwa.

Sasa tafakarini maana yake kwa kabrasha lenu. Kama mahakama imesema haya ni maoni, sharti la kupita au kuanguka haliwezi kusimama juu yake. Maoni ya mjuzi yasikilizwe, yapewe nafasi kwenye mjadala. Mlango wa zabuni ufungwe kwa vitu vinavyopimika.

Mgongano wa maslahi upo na si siri: kampuni hizi zinauzia ushauri wanunuzi na wauzaji pia. Muuzaji mteja anapata vikao na mchambuzi vya kuuliza na kujibiwa. Asiye mteja anaruhusiwa kueleza bidhaa yake bure, ila hapewi ushauri wa kurudi. Mwenye vikao vingi anajifunza kuzungumza lugha ya vigezo. Hilo linatosha kusogeza nukta, hata bila bahasha ya khaki.

Kwa walioko Kenya kwenye taasisi za umma: kifungu cha 60 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 hakitaki mahitaji ya kiufundi yataje nembo au mtengenezaji fulani, isipokuwa pale hakuna namna nyingine ya kueleza, na hapo lazima iongezwe "au inayolingana". Sharti la Viongozi linafanya kazi ileile ya kutaja majina ya kampuni chache.

---

Bi_Hesabu:

Mimi nataka mtumie kitu kizuri kuliko vyote walichotuachia hawa wachambuzi, yaani hesabu ya gharama nzima. Bei ya leseni inadanganya jicho.

Mfano wa namba za kubuni, miaka 5. Leseni dola 60,000. Matengenezo ya mwaka huwa kati ya 18% na 22% ya leseni. Chukua 20%, ni 12,000 kwa mwaka, 60,000 kwa miaka yote. Ufungaji 15,000. Mafunzo 6,000. Seva na diski 20,000. Jumla 161,000. Leseni iliyowashughulisha kamati nzima ni 37% tu.

Bado kodi. Muuzaji wa nje huandika kwamba bei zake ni halisi baada ya kodi zote. Chukua kodi ya zuio ya 15% kwa huduma na mrabaha wa asiye mkaazi, Tanzania. Ili apokee 12,000 kamili mtagawanya kwa 0.85, yaani 14,118. Leseni nayo inakuwa 70,588. Kwa miaka mitano nyongeza ni 21,176, jumla mpya 182,176. Kosa la kawaida ni kuzidisha 12,000 kwa 1.15 na kupata 13,800. Hapo mtapungukiwa kila mwaka, na mhasibu ataligundua siku ya kulipa.

Halafu alama. Mkiweka uzito kazi za msingi 30, msaada wa karibu 25, gharama 25, urahisi wa kuhama 10, wateja wa rejea 10, na kutoa alama 1 hadi 5: bidhaa A iliyo kwa Viongozi ikipata 5, 2, 2, 3, 5 inaishia 3.3. Bidhaa B ya soko dogo yenye wakala Dar ikipata 4, 5, 4, 4, 3 inafika 4.15. Msiishie hapo. Tikiseni uzito. Kazi za msingi zikipanda hadi 50, msaada na gharama zikawa 15 kila moja, A ni 3.9 na B 4.05, bado B. Mkifika 60, 10 na 10, A ni 4.2 na B 4.0, matokeo yanapinduka. Kwa hiyo mjadala wa kweli wa kamati ni kama kazi za msingi zina uzito wa 50 au 60 kwa SACCOS yenu. Na uzito huo uandikwe ndani ya kabrasha kabla ya bahasha kufunguliwa. Ukibadilishwa baadaye, rufaa ya mzabuni itawaangusha.

---

mwambao_dev:

Swali la pembeni: kampuni ndogo ya programu Mombasa ifanye nini ijulikane kwa wachambuzi hao?

---

Kisima:

Omba kikao cha kujieleza, fomu ziko kwenye tovuti zao na hazina malipo. IDC ina ofisi Nairobi, anza hapo. Usimtafute mchambuzi kwa jina la kampuni, mtafute kwa eneo analoandikia. Ukimpelekea mchambuzi wa usalama wa mitandao habari za malipo ya simu, kikao kimekufa. Slaidi zisizidi 12: tatizo, wateja wangapi wanaolipa, mapato yametoka wapi, nini kinawatofautisha, mteja mmoja aliye tayari kupigiwa simu. Rudia kila miezi sita hata kama hakuna jibu.

Na jihadhari unapomnukulia takwimu za soko. Simu zinazoripotiwa na IDC ni zilizopelekwa kwa wasambazaji, si zote zilizouzwa dukani. Laini za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ni laini, si watu. Ndiyo maana idadi ya laini ikilinganishwa na ya watu inapita 100%. Ukichanganya hivyo viwili, mchambuzi atakuona mara moja.

---

Lango_la_Data:

@kabrasha_zabuni, haya weka badala ya lile sharti, urekebishe namba:

"Mzabuni aonyeshe kwa jaribio, kwenye vifaa vyake, urejeshaji wa GB 200 za hifadhidata ndani ya saa 4, mbele ya kamati. Atoe wateja watatu wa rejea wenye mfumo unaofanya kazi kwa miezi 12 au zaidi, angalau mmoja akiwa Afrika Mashariki. Atoe mkataba wa msaada wenye muda wa kuitikia usiozidi saa 2 kwa hitilafu ya daraja la kwanza. Ripoti ya mchambuzi huru yeyote itapokelewa kama kiambatisho kisicho na alama, na mzabuni atajibu kwa maandishi kila tahadhari iliyotajwa humo."

Lile jaribio mlifanye na hifadhidata iliyojaa, isiwe faili tupu la GB 200. Faili tupu hubanwa likawa dogo sana na kurejea kwa dakika chache, na hapo hamtakuwa mmepima chochote.