Sato kwa bei ya changu, tena ufukweni, Dar es Salaam! Hawa watu wanatuonaje?

Nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka kwa hasira. Sitaji jina, mnapajua wote: viti vyeupe mchangani, taa za rangi kwenye minazi, muziki unaosikika mpaka Zanzibar.

Nimeagiza changu wa kuchoma. Nikauliza, wa leo? "Wa leo bosi, ameingia alfajiri." Tumekaa mpaka watoto wakaanza kutafuna mirija ya soda. Analetwa SATO. Sato jamani! Samaki wa Ziwa Victoria, kasafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 aje kuitwa changu mbele ya Bahari ya Hindi. Namchana tumbo, bonge la barafu limo ndani. Namwita mhudumu, anaitazama sahani, ananitazama mimi, anasema: "Bosi, samaki ni samaki."

Samaki ni samaki! Mimi niliyekulia Msasani naambiwa samaki ni samaki! Kama kusi imechachamaa na mashua hazijatoka, si useme tu changu hakuna, kuna vibua? Vibua ningekula. Ila kunikazia macho uniambie samaki ni samaki, kwa shilingi 35,000?

Kolekole_Mkavu: Tuambie kwanza, ulikula au hukula?

Mleta uzi: Nimelipa, watoto walikuwa na njaa. Tusitoke nje ya mada. Samaki ni samaki, kweli?

Mjomba_Feri: Soko la samaki la Feri lipo pale Magogoni, jirani kabisa na Ikulu, wewe unaagiza samaki umeegemea kiti. Amka alfajiri, simama mnadani, fungua mashavu mwenyewe. Mekundu, beba. Yamefifia, pita. Wapo vijana wa kukupaia hapo hapo.

BintiMbweni: Feri ipi unayoisifia? Dalali ananunua fungu, akigeuka tu bei imeshapaa. Juzi nimeuziwa ngisi wazima juu, chini wamelegea kama uji.

Ngosha_Halisi: Sato amewakosea nini? Huku Mwanza analiwa kwa heshima zake zote. Mleta uzi amwombe radhi sato.

Mleta uzi: Sina ugomvi na sato, nina ugomvi na aliyembatiza changu!

Mwambao_Tanga: Changu anakaa kwenye matumbawe. Watu wamelipua matumbawe kwa baruti miaka na miaka, leo mnashangaa mnaletewa sato.

Mama_Pweza: Afadhali wewe ulikaa kwenye kiti. Mimi konda kanishusha Posta na ndoo yangu ya pweza, eti nanukisha gari. Nauli kala!

Kolekole_Mkavu: Nauli hakurudisha?? Huyo konda wa njia gani?

Mjomba_Feri: Ndoo ilikuwa na kifuniko?

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye mada. SAMAKI NI SAMAKI.

BintiMbweni: Subiri kidogo bosi. Mama Pweza, ilikuwa na kifuniko?

Mama_Pweza: Ilikuwa nacho, tena nimekifunga na kamba! Aliyekuwa ananuka ni konda.