Ushauri: Mkondo wa projekta umepitwa na mkondo wa chaki. Nakosea wapi?

Ticha_wa_Kata

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia, shule ya kata, mkoa naomba niuhifadhi. Naombeni ushauri, na kejeli ziwe za kiasi maana nimechoka.

Mwaka huu wahitimu wetu wa zamani walituletea projekta moja. Soketi inayofanya kazi ipo kwenye chumba kimoja tu, cha Kidato cha Pili A. Basi A nikawa nawafundisha kwa projekta, B wakabaki na ubao. Mwalimu ni mimi huyohuyo, notisi zilezile. Likizo nzima nimekesha na kishikwambi (vile vya Sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu) natengeneza slaidi. Mada ya usafirishaji mwilini: moyo unadunda kabisa, damu nyekundu inapita huku, ya bluu kule. Siku ya kwanza darasa lilipiga makofi. Nikauliza "mmeelewa?", wakaitikia "ndiyooo" mpaka mkuu wa shule akaja kuchungulia dirishani.

Jaribio la mwezi likaja. A wastani 38, B wastani 51. Swali la kuchora moyo na kuonyesha njia ya damu, A wengi wamechora kitu kama embe, mishipa imechomoza popote. B wamechora moyo.

Mwalimu wa taaluma keshaanza maneno ya pembeni. Nirudishe projekta stoo?

Kobe_Mjini

Uza projekta ununue chaki za miaka kumi, chenji tunywe supu. Natania mkuu, endelea.

Mpima_Maji

Kabla hatujailaumu mashine: A na B mliwagawaje? Isije ikawa B ndio vipanga.

Ticha_wa_Kata

Tuligawa kwa alfabeti ya majina. Na mtihani wa kufungulia muhula walipishana alama mbili, A wakiwa juu.

Bi_Somo

Mwalimu, hebu tuelezee slaidi moja tu ya huo moyo. Kila kilichomo, na wewe unafanya nini ikiwa ukutani. Usituonee aibu.

Ticha_wa_Kata

Sawa. Kushoto kuna moyo unaodunda, una namba 1 mpaka 14. Chini kuna majina ya hizo namba. Kulia kuna notisi mistari minane, Kiingereza, nimezitoa kwenye kitabu. Naisoma mistari, kisha naifafanua kwa Kiswahili, naenda slaidi inayofuata. Mada iliyokuwa inakula vipindi vinne nimeimaliza kwa viwili. Hilo ndilo lililonifurahisha.

Bi_Somo

Hilo ndilo lililowaua.

Kazi yangu ni kuandaa masomo ya kompyuta, kwa hiyo nitakwambia ninavyoliona. Mtoto wako ametoka darasa la saba alikosoma kila kitu kwa Kiswahili. Umemkalisha mbele ya ukuta. Macho yanasoma Kiingereza, masikio yanasikia Kiswahili, hapohapo atafute namba 9 ni nini huko chini, arudi kwenye picha, akute moyo umeshadunda na kitu kimehama. Kichwa cha binadamu kina mlango mwembamba. Mwanasaikolojia John Sweller wa Australia ameliandika hilo tangu miaka ya 1980: kile tunachoweza kukishika akilini kwa wakati mmoja ni kidogo sana, na mpangilio mbaya wa somo unakimaliza hata kabla mada haijaingia. Richard Mayer wa Marekani naye amefanya majaribio mengi juu ya picha na sauti. Picha yenye maelezo ya mdomo hushinda picha yenye maelezo ya mdomo pamoja na maneno yaleyale yameandikwa pembeni. Na jina likae juu ya kitu chenyewe, mtoto asilitafute kwenye orodha.

Sasa tuambie B unawafundishaje.

Ticha_wa_Kata

Nachora tu. Naanza na ukuta wa nje, nao wanachora kwenye madaftari. Halafu ukuta wa kati. Halafu vyumba vinne. Kwa kuwa kwenye mchoro upande wa kushoto wa moyo unakuwa kulia kwa ubao, huwa namsimamisha mwanafunzi mbele, anawatazama wenzake, anaweka mkono kifuani. "Kushoto kwake ni wapi?" Wanabishana hapo dakika tano. Nikichora mshipa unaotoka kwenye mapafu nasimama na chaki hewani, nauliza damu hii inaingia chumba gani. Nisipopata jibu sichori.

Loh. Kwa A sikumsimamisha mtu. Slaidi ilishaonyesha.

Bi_Somo

Umejijibu. Chaki inakuchelewesha, na huko kuchelewa ndiko kulikowafundisha B. Wamechora, wamekosea, wamefuta, wamebisha. A wameangalia sinema.

Na ile "ndiyooo" usiiamini tena. Kuna jaribio la wanasaikolojia wawili, Roediger na Karpicke, la mwaka 2006, nalipenda sana. Wanafunzi wa chuo walipewa kifungu, wengine wakakisoma mara mbili, wengine wakakisoma mara moja kisha wakaandika walichokumbuka bila kuchungulia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 81, wenzao 75. Baada ya wiki moja wakageuka: 42 kwa 56. Darasa lako lilipiga makofi dakika ya tano. Jaribio ulilitoa mwisho wa mwezi.

Mzee_wa_Skuli

Assalamu alaykum. Mie nipo Unguja, nshastaafu. Teknolojia si lazima iwe ya kung'aa. Huku tulikuwa na vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wadogo. Redio inauliza, kisha inanyamaza. Kimya kabisa, watoto wajibu, waruke, wahesabu vijiwe, halafu ndiyo inasema jibu. Mtindo wenyewe ulianzia Nikaragua miaka ya 1970 kwenye somo la hesabu. Kile kimya ndicho kilichokuwa mwalimu. Mtu asiyejua angedhani betri imekwisha.

Msee_Ruiru

Sisi huku Kenya tuliahidiwa laptop kwa kila mtoto wa darasa la kwanza kwenye kampeni za 2013, zikageuka tablet, zikaanza kufika shuleni 2016. Shule niliyokuwa zilikaa ndani ya kabati la chuma, ufunguo kwa naibu wa mwalimu mkuu. Ziliogopwa kuliko nyoka. Peru nao waligawa laptop kwa mamia ya maelfu ya watoto, watafiti wakaenda kupima, alama za hesabu na lugha hazikusonga. Lakini tusiwe wa kupinga tu. Delhi, India, walipima programu ya kompyuta ya Mindspark, inayompa kila mtoto maswali ya kiwango alichopo yeye, si kile darasa lilipo. Kwa miezi minne na nusu waliohudhuria waliwaacha wenzao kwa hesabu na Kihindi. Mashine ni mashine, tofauti iko kwenye kile mtoto anafanyishwa.

Kobe_Mjini

Kwa hiyo supu haipo.

Mama_Twins

Mzazi hapa. Wangu wanaangalia video za masomo kwenye simu jioni nzima, ukiwauliza wamejifunza nini wanakwambia "yule dada anaeleza vizuri". Nimeanza kuinyang'anya simu kila baada ya dakika chache, nasema nieleze mimi. Wananichukia. Ila wanaeleza.

Ticha_wa_Kata

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Sikuirudisha stoo. Mada ya damu na mishipa nimeipanga upya hivi: slaidi ni picha tupu, haina notisi, haidundi. Majina yanatokea moja moja, tena baada ya wao kubahatisha. Kila baada ya slaidi tatu naweka ukuta mweusi, wanachora kwenye madaftari walichokiona. Slaidi zilikuwa 22, zimebaki 7. Notisi za Kiingereza nawapa mwishoni, wakishajua kinachozungumziwa. Na kila Jumatatu maswali matano ya wiki iliyopita, hayana alama. B nao nawapa hayohayo.

Jaribio la juzi: A 55, B 57.

Mpima_Maji usinirukie, najua mada si ileile na majaribio mawili si utafiti. Vipindi vimerudi kuwa vinne, mwalimu wa taaluma analalamika sasa kwamba nachelewa silabasi. Na kusema kweli projekta haijamshinda chaki popote, wamelingana tu. Palipo na faida ni mahali pamoja tu: vali za moyo. Ubaoni sijawahi kuweza kuonyesha vali inavyofunga damu isirudi. Hapo nilirusha kipande cha video cha sekunde kumi na mbili, bila sauti, mara tatu, nikawauliza "ingekuwa haifungi, nini kingetokea?" Mmoja wa nyuma kabisa, huwa hasemi, akasema "ingerudi ilikotoka, angechoka haraka". Nilibaki nimeshika rimoti.

Mpima_Maji

Sikurukii. Ila muhula ujao wabadilishane vyumba, B waende kwenye soketi. Ndipo tutajua.

Ticha_wa_Kata

Wazo zuri, nitalifikisha kwa mkuu. Bi_Somo, swali la mwisho: mada inayofuata ni upumuaji. Nimepata video nzuri mno ya mapafu. Nianze nayo?

Bi_Somo

Anza na chupa ya maji iliyokatwa, maputo mawili na mrija. Wavute puto la chini wenyewe, wabishane kwa nini puto linajaa bila mtu kupuliza. Video iweke kipindi cha pili.

Kobe_Mjini

Maputo nachangia mimi. Nitumie namba ya malipo PM.