Nataka kupeleka familia Diani kutoka Kisumu, na mamangu yuko kwa hesabu. Nisaidieni kupanga

BabaTasha_Kisumu
Wadau habari zenu. Mwaka huu nimeapa lazima watu wangu waone bahari. Tuko watano, mimi na mama watoto, msichana wa miaka 9, kijana wa 5, halafu mamangu mzazi ambaye yuko Vihiga, ana miaka 68 na goti moja linamsumbua. Yeye hajaomba lakini kila Mombasa ikionyeshwa kwa TV anauliza kama ni ukweli maji yote hayo ni ya chumvi, sasa nimeona twende naye tu.

Bajeti ni 120,000 kila kitu ndani na hapo siongezi hata mia juu Januari kuna karo. Mama watoto ameona hoteli fulani kwa simu, pul imeshikana na bahari, hataki kusikia ingine. Mimi naona tutakuwa tunalipia picha. Kwa hivyo mniambie, Diani (kusini mwa Mombasa) ama Watamu, mwezi wa nane ama Desemba, hoteli ama nyumba ya kukodi, na huyu mama nitamfikisha aje bila kumvunja mgongo?

MamaMapacha_Nakuru
Desemba ndiyo lakini si Krismasi. Kuanzia tarehe 20 hivi mpaka mwaka mpya bei zinaruka na bado utalala karibu na disko. Shule zikishafungwa kuna ile gepu ya Novemba mwishoni hadi wiki ya pili ya Desemba, hapo hoteli zinatafuta watu. Na ukipiga simu sema wewe ni Mkenya unataka bei ya wakaazi, usingoje wakuulize, wengine wanakutajia ya wageni kwanza waone kama utashtuka.

Shemeji_Kakamega
Mwezi wa nane pia si mbaya bana, watoto wako likizo na bei iko chini.

Mzawa_Ukunda
Bei iko chini kwa sababu yake, ndugu yangu. Mwezi wa nane ni kusi. Upepo unatoka kusini, bahari inachafuka, na mwani unatupwa pwani mpaka kuna siku mchanga huuoni, ni majani tu yananuka. Wenyeji tumezoea lakini mtu ametoka Kisumu na pesa zake akute hivyo atalia. Kaskazi inaanza kushika Desemba hadi Machi, maji yanatulia na kuwa safi, ukitaka kwenda kisiwa cha Wasini kuona pomboo mashua haikurushi rushi. Aprili na Mei usijaribu, hiyo ni masika, hoteli nyingine hata hufunga zikarabati.

Lakini nikwambie kitu ambacho watu wa bara hamuulizi. Nyinyi mmezoea ziwa, maji ya Dunga hapo Kisumu uliyoyaacha asubuhi utayakuta palepale jioni. Huku maji yanapwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Siku hizo asubuhi kama saa nne maji yamekwenda mbali kabisa, mnatembea kwa miguu mpaka karibu na mwamba, watoto wanaona samaki wadogo na kiti cha pweza (kile kiumbe chenye umbo la nyota) kwenye vidimbwi, ni raha. Halafu yanarudi, na yakirudi hayapigi hodi. Yanajaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yako, wewe bado uko mbele unapiga picha, ukigeuka njia uliyokuja nayo ni maji ya kiuno. Ya kiuno kwako, huyo wa miaka 5 yamemfunika. Watu wa hapa tukiona maji yameanza kugeuka tunatoka, hatungojani.

Ukitaka kuogelea bila kuhesabu masaa chukua siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hapo bahari haiendi mbali wala haijai sana. Angalia kalenda ya mwezi kabla hujalipa popote. Na wavae viatu vya mpira wakienda mwambani, kuna wale wadudu weusi wa miiba, ukimkanyaga mmoja likizo imeisha. Mama mfikishie shikamoo.

BabaTasha_Kisumu
Mkubwa asante sana, hii ya mwezi sijawahi ambiwa na mtu. Na Watamu je?

Mzawa_Ukunda
Watamu pazuri, hifadhi yao ya bahari ni ya tangu 1968, na magofu ya Gede yako karibu tu. Lakini ukishuka treni Miritini, stesheni ya Mombasa, bado una zaidi ya kilomita 100 kwenda kaskazini. Na hilo goti?

Dereva_wa_Kitale
Usafiri niachie mimi. Kuna basi za moja kwa moja Kisumu mpaka Mombasa lakini mama wa 68 na goti usimweke hapo, huo ni usiku mzima na asubuhi juu. Toka Kisumu mchana, mlale Nairobi kwa mtu wenu (hakuna Mluhya hana mtu Nairobi), kesho yake mpande SGR, treni ya Nairobi kwenda Mombasa, ya saa mbili asubuhi. Ikonomi ni 1,500 mtu mzima, watoto wa miaka 3 hadi 11 nusu, kwa hivyo nyinyi ni 6,000 kwenda na 6,000 kurudi. Ile ya saa mbili inasimama simama njiani lakini ni mchana, mnapita Tsavo mama akiwa macho, mkibahatika mtaona ndovu wekundu wa vumbi la huko. Ya saa nne usiku inafika alfajiri watoto wamelala begani, achana nayo.

Buku kwa *639# mapema, tiketi za Desemba zinaisha haraka. Kitambulisho chenyewe, si picha kwa simu. Na mfike stesheni mapema kwa sababu mizigo inapangwa chini inanuswa na mbwa, mwambie mama kabla asishtuke.

Mkishuka Miritini msikubali kupelekwa Likoni kwenye feri. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, inazunguka inatokea kusini bila feri. Teksi akikuambia lazima feri mwache atafute wengine.

MamaMapacha_Nakuru
Hoteli ama nyumba, nyumba. Watu watano hotelini ni vyumba viwili, na fulbodi ni chakula tu, soda ya mtoto unaandikiwa. Siku ya kuondoka unapewa karatasi ya vinywaji unashindwa ni nani alikunywa.

Shemeji_Kakamega
Sasa mama watoto atoke jiko la Kisumu aende jiko la Diani? Hiyo si likizo, hiyo ni kuhamisha sufuria.

MamaMapacha_Nakuru
Nyumba nyingi za Diani zinakuja na mpishi shem, unaulizia tu kama yuko ndani ya bei. Muuza samaki anakuja mpaka geti na baiskeli, amefunika na gunia lililoloweshwa, anakufunulia changu, tafi, pweza, mnapatana hapo hapo, mpishi anapaka na nazi. Nyinyi watu wa ngege na mbuta mtajua hamjui samaki. Ila madirisha ya jikoni yafungwe, tumbili wa huko anaingia anachagua ndizi zilizoiva anaacha mbichi.

Nyar_Ahero
Hizo nyumba za mtandaoni mchunge. Sisi tulituma depo kwa mtu, picha safi kabisa, kufika Ukunda hiyo nyumba ni ya mwingine na haikodishwi. Mwambie akupigie simu ya video akiwa ndani atembee kutoka chumbani hadi ufukweni. Hapo pia utahesabu ngazi, kuna mahali bichi iko chini ya jabali na mama atakuwa anaiangalia tu kutoka juu.

BabaTasha_Kisumu
Nimesoma zote. Naona nyumba, wiki ya kwanza ya Desemba, nitapanga na mwezi. Mama watoto amekubali kwa masharti, siku moja tuingie hoteli yenye pul. Hiyo inawezekana bila kulala?

Mzawa_Ukunda
Inawezekana, hoteli kadhaa zinakubali wageni wa mchana, unalipa mlangoni na mara nyingi unakatiwa kwenye chakula. Piga simu siku moja kabla, na nendeni katikati ya wiki. Wikendi tumejaa sisi.

Dereva_wa_Kitale
Na huyo mpishi muulize kama anajua kusonga ugali mgumu. Mama wa Vihiga siku nne za wali wa nazi hatakubali.